Johannesburg: Gharama za matibabu na bima ya msafiri

Msafiri atokaye Dar es Salaam hutua Johannesburg baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi, na yule wa Nairobi baada ya saa nne. Kwa Mtanzania safari hiyo haihitaji viza ikiwa ziara haizidi siku 90, na tangu Januari 1, 2023 Mkenya naye amepata nafuu hiyo. Huenda wepesi huo ndio unaowafanya wengi waondoke nyumbani wakiwa na pasipoti, tiketi na fedha za matumizi, bila karatasi hata moja inayoeleza ni nani atakayelipa iwapo wataugua au kugongwa na gari.

Mtu huyo huyo akienda Paris au Berlin hana uchaguzi. Tangu Juni 1, 2004, nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen humtaka mwombaji wa viza aonyeshe bima isiyopungua euro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurejeshwa nyumbani, akiwa hai au maiti. Zanzibar nayo ilianza Oktoba 1, 2024 kumtoza kila mgeni asiye Mtanzania dola 44 za Marekani kwa ajili ya bima inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Mgeni anayeingia Afrika Kusini kwa matembezi bila viza haulizwi hati ya namna hiyo mpakani. Asipoulizwa hakumbuki, na anayeikumbuka mara nyingi huwa tayari yuko kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali.

Kabla ya 1994 suala hili halikuwa kubwa. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kuususia utawala wa ubaguzi wa rangi, na mgonjwa aliyeshindikana Muhimbili alipelekwa London au, baadaye, India. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alifariki dunia katika hospitali ya St Thomas, London, Oktoba 14, 1999. Baada ya kuanguka kwa utawala wa makaburu, jiji lenye hospitali zilizo karibu zaidi kuliko London likawa wazi. Waziri wa Fedha wa Tanzania, Dakta William Mgimwa, alifariki dunia akitibiwa Pretoria, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Johannesburg, Januari 1, 2014. Ruge Mutahaba, aliyekuwa mkurugenzi wa Clouds Media Group, alifariki Afrika Kusini Februari 26, 2019 alikokuwa akitibiwa figo, na kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kuombwa hadharani wachangie gharama zake. Ikiwa mtu mashuhuri wa kiwango hicho alihitaji kuchangiwa, hali ya mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekwenda kununua bidhaa ni rahisi kuikadiria.

Kwa nini bei haijulikani mapema

Johannesburg ina hospitali za namna mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kuliko ile ambayo Mwafrika Mashariki ameizoea kati ya hospitali ya serikali na ya binafsi kwao.

Upande wa serikali ipo Chris Hani Baragwanath, Soweto, iliyofunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Vita Kuu ya Pili na ambayo leo ina vitanda vipatavyo 3,200, idadi inayoiweka miongoni mwa hospitali kubwa kabisa duniani. Ipo pia Charlotte Maxeke, mtaa wa Parktown, ambayo sehemu yake iliungua Aprili 2021, na Helen Joseph, magharibi mwa jiji. Zina madaktari wenye ujuzi wa hali ya juu, hasa katika majeraha ya risasi na ya ajali, na zina foleni ndefu mno.

Upande wa binafsi wametawala watatu: Netcare, Mediclinic na Life Healthcare. Uchunguzi wa soko la afya uliofanywa chini ya Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini, ukiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Sandile Ngcobo, ulieleza katika ripoti yake ya Septemba 2019 kwamba makampuni hayo matatu yalikuwa na asilimia 83 ya vitanda vya hospitali binafsi na asilimia 90 ya wagonjwa waliolazwa humo. Milpark, ambako Nelson Mandela alilazwa Januari 2011, ni ya Netcare. Pembeni kidogo, Parktown, iko Wits Donald Gordon, hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako mwaka 2017 mama mwenye virusi vya UKIMWI alitoa kipande cha ini lake kwa mtoto wake asiye na virusi hivyo.

Huko ndiko mgeni mwenye bima hupelekwa. Asiye na bima huombwa amana kabla ya kupewa kitanda, na amana hiyo huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya randi, au zaidi ikiwa ni upasuaji mkubwa. Chumba cha wagonjwa mahututi, pamoja na madaktari, dawa na vipimo, hula makumi ya maelfu mengine kila siku. Tangu mwaka 2020 dola moja ya Marekani imekuwa ikibadilishwa kwa randi kati ya 13 na 20, na kwa hiyo hata kupanda na kushuka kwa sarafu kunaweza kuvuruga hesabu ya familia iliyokusanya fedha zake kwa shilingi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ankara haiji moja. Madaktari bingwa wa hospitali binafsi kwa kawaida si waajiriwa wa hospitali. Wamekodi vyumba vyao mle ndani na kila mmoja hutoza kwa jina lake. Hospitali italeta ankara ya kitanda, chumba cha upasuaji na vifaa. Daktari mpasuaji ataleta yake, mtaalamu wa usingizi yake, mpiga picha za eksirei yake, na maabara yake, nyingine zikifika wiki kadhaa baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Makadirio yaliyotolewa na hospitali peke yake, kwa hiyo, ni sehemu tu ya deni.

Wala hakuna bei elekezi ya taifa. Bei za dawa ziliwekewa utaratibu wa bei moja kutoka kiwandani mwaka 2004, lakini mwaka huo huo makubaliano ya pamoja ya ada kati ya hospitali, madaktari na mifuko ya bima yalikomeshwa kwa kuwa yalikiuka sheria ya ushindani. Serikali ilijaribu kuweka orodha ya bei za kurejea, na Mahakama Kuu ya Pretoria ikaibatilisha Julai 2010. Tangu hapo daktari bingwa anaweza kutoza mara mbili au mara tatu ya kiwango ambacho mfuko wa bima unakubali kulipa, na pengo hubaki kwa mgonjwa.

Katiba inasema nini

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi raia, kinasema mtu. Sheria ya Afya ya Taifa ya mwaka 2003 ikarudia katazo hilo na kulielekeza kwa kila mtoa huduma, wa serikali na wa binafsi. Hospitali ya Sandton haiwezi, kisheria, kumwacha majeruhi mlangoni kwa sababu hana kadi ya benki.

Hata hivyo, katazo hilo lina mipaka miwili. Kwanza, halifuti deni: mgonjwa akishatulizwa hali yake, hospitali binafsi inaweza kumhamishia hospitali ya serikali, na ankara ya saa zile za mwanzo itamfuata. Pili, neno dharura lina tafsiri finyu. Mwaka 1997 Thiagraj Soobramoney, mgonjwa wa kisukari mwenye umri wa miaka 41 ambaye figo zake zilikuwa zimekufa, alikwenda mahakamani baada ya hospitali ya serikali ya Addington, Durban, kumkatalia nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sababu mashine zilikuwa chache. Mahakama ya Katiba ilitamka Novemba 27 mwaka huo kwamba ugonjwa sugu unaohitaji tiba mara mbili au tatu kwa wiki hauwi dharura, hata kama mgonjwa atakufa bila tiba hiyo. Alifariki siku chache baadaye. Naye alikuwa raia. Mgeni mwenye figo mbovu, saratani au ugonjwa wa moyo wa muda mrefu asitarajie kwamba Katiba itamfungulia mlango uliofungwa kwa mwenye nchi.

Katika hospitali za serikali, wagonjwa hupangwa kwa makundi kulingana na kipato, na wenyeji maskini hulipa kidogo au hawalipi kabisa. Mgeni wa matembezi kwa kawaida huwekwa katika kundi la wanaolipa gharama kamili. Mkimbizi aliyetambuliwa yuko katika hali nyingine: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inampa haki ya huduma za msingi za afya sawa na wakazi wa nchi, jambo muhimu kwa Wakongomani wa Yeoville na Wasomali wa Mayfair.

Kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka sita, sheria ya 2003 iliahidi huduma bila malipo. Jimbo la Gauteng, ambamo Johannesburg imo, lilitoa mwongozo mwaka 2020 uliosababisha wanawake wa kigeni kudaiwa fedha au kufukuzwa. Aprili 14, 2023, Mahakama Kuu ya Johannesburg ilitamka kwamba haki hiyo ni ya wote, bila kujali uraia wala kuwa na karatasi.

Hukumu ni jambo moja na lango la zahanati ni jingine. Katika mwaka 2025 wafuasi wa vuguvugu la Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati na hospitali, wakidai vitambulisho na kuwarudisha watu waliowadhania wageni. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliwapiga marufuku. Kwa mgeni, hofu hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na hati ya bima itakayompeleka kwingine, ingawa ni aibu kwamba karatasi ya kampuni ya biashara imekuwa kinga bora kuliko maneno ya Katiba.

Sheria ya Bima ya Afya ya Taifa, ambayo Rais Cyril Ramaphosa aliitia saini Mei 15, 2024, inagusa suala hili moja kwa moja. Kifungu chake cha 4 kinamtaka mgeni anayezuru nchi awe na bima ya safari, na asiye nayo kimemwachia huduma za dharura na za magonjwa yanayotakiwa kutolewa taarifa kwa serikali. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani mara tu baada ya kusainiwa, na utekelezaji wake ulipangwa kwenda kwa awamu za miaka mingi.

Bima inanunua nini

Bima ya safari hugharimu sehemu ndogo ya nauli ya ndege. Ikiwa imeandikwa vizuri, kilicho muhimu ndani yake ni namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana. Anayepokea simu hiyo ndiye anayeandika barua ya dhamana kwenda hospitalini, ili mgonjwa apokewe bila amana. Kwa sababu hiyo makampuni mengi hutaka yaarifiwe kabla ya mgonjwa kulazwa au, ikiwa ni dharura, ndani ya saa 24 au 48. Mtu aliyelazwa kwa siku nne ndipo akapiga simu amewapa sababu ya kubishana naye.

Mambo ya kusoma katika mkataba ni machache lakini mazito. Kiwango cha juu cha matibabu kiangaliwe, na pia kiasi ambacho mwenye bima atajilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Iangaliwe kama kuna gharama za kumsafirisha mgonjwa kwa ndege maalumu. Kumtoa mgonjwa mahututi Johannesburg hadi Nairobi, pamoja na daktari na muuguzi, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Wakazi wa Afrika Mashariki wanalijua shirika la madaktari warukao la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao yake uwanja wa Wilson, Nairobi. Uanachama wake wa mwaka unampa mtu haki ya kuokolewa kwa ndege ndani ya maeneo yaliyotajwa katika kadi; asidhani kwamba kadi ya Kenya na Tanzania itamfikia Soweto bila kuuliza kwanza.

Halafu kuna yale yasiyolipiwa. Maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kusafiri ndiyo yanayozaa ugomvi mwingi kuliko yote. Shinikizo la damu lililofichwa kwenye fomu huonekana kwenye vidonge vilivyomo mkobani, na daktari wa zamu huyaandika yote. Ulevi, ujauzito wa miezi ya mwisho, kazi za hatari na ghasia navyo huondolewa katika mikataba mingi. Anayeficha ugonjwa ili apunguziwe ada huwa amenunua karatasi tu.

Malaria inastahili neno lake. Johannesburg iko juu, wastani wa mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na haina malaria ya wenyeji. Daktari wa huko anaweza kuiona homa na kufikiria mafua. Msafiri anayeugua wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuwasili na aseme mara moja ametoka wapi na adai kipimo, kwa sababu malaria iliyochelewa kutambuliwa humaliza mtu katika wodi yenye mashine zote.

Namba za dharura ni 10177 kwa gari la wagonjwa la serikali na 112 kutoka simu ya mkononi.

Anayekwenda kutibiwa

Hapa ndipo penye kosa linalorudiwa zaidi. Bima ya safari imetengenezwa kwa ajili ya lisilotarajiwa. Mtu anayepanda ndege akiwa na miadi ya upasuaji Milpark hawezi kuitumia kulipia upasuaji huo, na akiwa ameficha kusudi la safari yake anaweza kupoteza hata haki ya mambo mengine.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo njia ni nyingine. Baadhi ya bima za afya zinazouzwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala zina kipengele cha matibabu ya nje, kwa idhini inayotolewa kabla ya safari na mara nyingi kwa tiba isiyopatikana nyumbani tu. Sharti hilo la mwisho limekuwa gumu zaidi kutimizwa kadiri hospitali za nyumbani zinavyopanuka: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kazi mwaka 2015, na Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017. Anayelipa mwenyewe aombe makadirio ya maandishi kutoka hospitali, kwa daktari mpasuaji na kwa mtaalamu wa usingizi, kila mmoja peke yake, na aulize ni siku ngapi za chumba cha mahututi zimehesabiwa. Matibabu yakizidi miezi mitatu inahitajika viza ya matibabu chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2002, ikiambatana na uthibitisho wa nani atalipa.

Mwanafunzi hana hiari. Viza ya masomo hutolewa kwa mwenye uanachama wa mfuko wa afya uliosajiliwa chini ya Sheria ya Mifuko ya Afya ya mwaka 1998. Mifuko hiyo hulazimika kulipia magonjwa takriban 270 yaliyoorodheshwa, lakini inaweza kumwekea mwanachama mpya kipindi cha kungoja cha miezi mitatu, na hadi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuwa nao. Mkazi asichanganye uanachama huo na mipango ya bei nafuu inayotangazwa kwenye redio, inayolipa kiasi maalumu cha fedha kwa kila siku ya kulazwa. Fedha hizo humfikia mgonjwa baadaye. Hospitali binafsi haizipokei kama dhamana.

Ajali na msiba

Aliyejeruhiwa na gari ana mlango mmoja zaidi ambao Waafrika Mashariki wachache wanaujua. Mfuko wa Ajali za Barabarani, unaopata fedha zake kutokana na tozo ya mafuta, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 inayotamka fidia kwa mtu yeyote aliyeumizwa kwa uzembe wa dereva. Mwaka 2022 mfuko huo ulitaka wageni wathibitishe kwamba walikuwa nchini kihalali, na Mahakama Kuu ya Pretoria ilibatilisha sharti hilo Machi 2024. Malipo huchukua miaka, hivyo hayasaidii kulipa amana ya usiku wa ajali. Lakini ripoti ya polisi, namba ya gari na majina ya mashahidi vikikusanywa mapema, familia inaweza kurudishiwa sehemu ya ilichotumia.

Ubalozi haulipi ankara. Maofisa wa balozi zilizoko Pretoria wanaweza kuwatafuta jamaa, kuandika barua na kutoa hati za safari, na wengi wao hufanya kazi hiyo kwa huruma kuliko inavyodhaniwa. Fungu la fedha za matibabu ya raia wasafiri hawana.

Mtu akifa, gharama huanza upya. Maiti inayosafirishwa kwa ndege hutakiwa kuhifadhiwa kwa dawa, kuwekwa katika jeneza lililozibwa kabisa, na kuwa na cheti cha kifo pamoja na kibali cha kuitoa nchini kutoka Wizara ya Afya ya Afrika Kusini. Waislamu wengi huzikwa huko huko siku hiyo au siku ya pili. Wengine hungoja mochwari wakati vyama vya kuzikana vya wahamiaji na makundi ya WhatsApp yakizungusha daftari la michango kutoka Johannesburg hadi Mwanza na Kisumu, na mochwari nayo hutoza kwa siku.